Kutu ya Bati la Korosho

Baba alikuwa fundi redio pale Newala, na viganja vyake havikutakata hata siku ya Idi. Grisi, risasi ya kulehemu na vumbi la chuma vilikuwa vimejichimbia kwenye mistari ya mikono yake. Mama alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama malaika hawatamuuliza jina, watamwambia tu afungue kiganja. Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa pua, mdomo umefungwa, kama anayeogopa kuwaamsha watu.

Meza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, karibu na soko. Nilipokuwa mdogo sana meza ile ilikuwa na redio mbili tatu tu, na betri zilipatikana kwa kujuana. Watu walizianika betri juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Sisi watoto tuliielewa hivi: kilichokuwa hakipo, sasa kipo. Sabuni ikawa ya kuchagua rangi. Mitumba ikaning'inia kwenye kamba soko zima. Wanunuzi binafsi wa korosho wakapanda na malori yao, na msimu ukiisha mtu aliteremka sokoni akarudi na baiskeli, bati na redio kaseti ya spika mbili ikiwa bado ndani ya nailoni. Nailoni ile haikutolewa, maana ndiyo iliyoonyesha kwamba redio ni mpya. Redio ilipigwa ndani ya nailoni yake mchana kutwa, ikapata joto, ikaungua, ikaletwa kwa Baba.

Ndivyo nilivyopata sumaku. Nilikuwa darasa la tano. Baba alifumua spika iliyopasuka, akatoa duara jeusi zito lenye tundu katikati, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi sahani ya futari.

"Usiiangushe ovyo," alisema. "Sumaku ikipigwapigwa chini inasahau kazi yake."

Nililala nayo. Tulikuwa tukilala na dada yangu kwenye kitanda kimoja cha kamba, mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake na kichwa chake miguuni pangu, kwa sababu ukilala hivyo kitanda chembamba kinatosha na hakuna wa kumpumulia mwenzake usoni. Binamu yetu wa Chilangala akija likizo tulikuwa watatu, hesabu ikaharibika: wa tatu hakuwa na wa kupishana naye, akawa anarusha mateke usiku kucha. Wa tatu huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Dada alilalamika kwa Mama kwamba sasa nimeongeza na jiwe.

Niliijaribu sumaku ile kwa kila kitu cha uani. Jembe lilishika. Sufuria halikushika, nikaona aibu kwa niaba yake. Sindano ya Bibi ilishika vizuri mno, ikapotea, nikachapwa. Baba hakunichapa wala hakunitetea. Alikuja na sumaku, akaipitisha polepole juu ya mchanga wa ukumbini, sindano ikainuka. Siku ile niliamini kwamba hakuna kitu duniani ambacho Baba hakijui.

Mikono myeusi haikunisumbua wakati huo. Nilipenda alama za dole gumba alizoacha kwenye madaftari yangu alipokuwa akiyakagua jioni. Walimu walilalamika, mimi nikawaringia wenzangu kwamba daftari langu lina mhuri.

Nikachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Masasi. Nilishuka kutoka Newala juu ya lori la magunia ya korosho, sanduku la bati mapajani, sumaku ndani ya soksi. Masasi kulikuwa na joto na milima ya mawe, na maji yalitoka bombani siku nyingine. Kwa mtu wa uwanda wa juu kama mimi, hilo la bomba lilikuwa jambo la kuandikia barua. Kwetu maji yalikuwa chini bondeni. Ulishuka alfajiri na ndoo tupu, ukapanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka, na ndoo ile moja iligawanywa: ya kupikia, ya kunywa, ya kutawadhia. Ya kunawa mikono ilipimwa kwa kikombe. Mama aliweza kukwambia ni nani amenawa mara mbili.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana, ametoka chuo karibuni, suruali yake ina mstari wa pasi. Tulimpenda wote, na mimi nilimpenda kupita wote kwa sababu aliniruhusu kutumia sumaku yangu darasani. Ndiye aliyetufundisha kwamba chuma kikishapata kutu si chuma tena. Kimeoana na hewa na unyevu, na sumaku haikitaki. Alitangaza siku ya sayansi, wazazi na wageni watakuja, na kila kundi litakuwa na meza. Meza ya sumaku nilipewa mimi. Nilitakiwa kuonyesha vitu vinavyoshika na visivyoshika, na cha mwisho kiwe kutu, ili wageni waone kwamba chuma kinaweza kufa.

Nilikwenda nyumbani likizo fupi nikamwomba Baba kutu. Alitembea uani akitafuta chuma kilichooza kuliko vyote, akakiona nyuma ya jiko: bati la kukaangia korosho.

Kila mtu wa kwetu analijua bati hilo. Ni bati la paa lililochakaa, limekunjwa kingo na kutobolewa matundu, linawekwa juu ya moto mkali. Korosho zikipata joto zinatoa mafuta, mafuta yanadondokea motoni, moto unaruka, moshi mweusi unapanda unaowasha macho mpaka kwa jirani. Bati halioshwi, maana kuosha ni maji. Likimaliza kazi linaegeshwa ukutani, mvua inalinyeshea, linaota kutu, msimu ukirudi linarudi motoni. Letu lilikuwa na umri wa kunizidi, na nusu ya mtaa walikuwa wakiliazima.

Mimi na Mama tulikuwa bondeni kuchota maji Baba alipolikwangua. Niliporudi alinipa kopo la dawa ya viatu limejaa unga wa kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, laini kama unga wa muhogo. Nikamuuliza amekwangua kwa kitu gani. Akasema kwa kipande cha chupa.

Siku ya sayansi ilifika. Baba hakuja, alikuwa na redio za watu. Wageni walisimama mbele ya meza yangu, mwalimu pembeni yao mikono nyuma. Nikaonyesha misumari, ikashika. Nikaonyesha kijiko cha alumini, kifungo, gunzi la muhindi, havikushika. Nikafungua kopo. Nikasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi kwamba hii ni kutu kutoka Newala, ilikuwa chuma na sasa si chuma, na sumaku haiitambui. Nikashusha sumaku.

Kutu ikaruka. Iliinuka yote kwa pamoja, ikaota kwenye sumaku kama manyoya ya mgongo wa paka aliyeona mbwa. Mgeni mmoja alicheka, wengine wakafuata. Wenzangu wakacheka kwa kuwa wageni wamecheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua chembe chache, akazisugua vidoleni, kisha akaniuliza mbele ya watu wote.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi redio, Mwalimu."

"Ana tupa ya kusugulia chuma?"

"Anayo."

Hakuniuliza zaidi. Aliwageukia wageni akawaeleza kwa upole kwamba unga wa tupa umechanganyika na kutu, na kwamba somo la kwanza la sayansi ni usafi. Mimi akaniambia nifunge kopo. Meza ikakabidhiwa kwa mwingine hapo hapo. Kwenye bweni walinipa jina la kutu, na nilipokanusha walinijibu kwamba lisemwalo lipo.

Sasa nilivyo mtu mzima naweza kumtetea mwalimu yule. Alichokisema kilikuwa na akili: unga mweusi, mtu wa tupa, sumaku inakamata. Hata mimi ningesema hivyo. Shida ni kwamba nilisema hivyo, na niliyemwambia ni Baba.

Nilirudi likizo kubwa nikiwa nimebeba hasira yangu kilomita zote zile juu ya lori. Sikumpa hata shikamoo iliyokamilika. Nilimkuta mezani kwake sokoni, redio imefumuliwa mbele yake, na mteja wake amekaa kwenye kigoda.

"Baba, ulinichanganyia vumbi la tupa," nilisema. "Umenidhalilisha."

Alisimamisha kazi. Akasema alikwangua kwa chupa. Nikamwambia Mwalimu amesema ni tupa. Mteja akaangalia pembeni. Baba alifungua viganja vyake, akaviangalia, akavigeuza, akaviangalia tena. Nilingoja akane, agombe, anifukuze kwa utovu wa adabu, kama ambavyo baba yeyote wa kwetu angefanya. Akaokota bisibisi, akarudi kwenye redio. Nikauchukua ukimya ule kuwa ndiyo.

Kuanzia siku hiyo Baba alianza kunawa. Nikimpa daftari, analiweka chini, anakwenda mtungini, anachota kikombe, anasugua kwa sabuni na mchanga, anajikausha, ndipo analishika tena kwa ncha za vidole. Nikimwomba sumaku nyingine, ananawa. Barua kutoka shuleni, ananawa kwanza. Mama aligomba kwamba maji yanakwisha, mtu mmoja ananawa kama daktari wa upasuaji. Baba alichota kikombe kingine. Mimi niliona ni kejeli. Niliona ananikomoa, kila kikombe kinasema: haya basi, mimi mchafu. Alama za dole gumba zikakoma kwenye madaftari yangu, nami nikajifanya sijaziona kukosekana.

Hatukuzungumza tena juu ya kopo lile. Nikamaliza sekondari, nikaendelea na fizikia. Wengine husema walisoma kwa mapenzi ya somo. Mimi nilisoma kwa hasira, na sioni aibu, hasira nayo ina mafuta yake. Redio za bei rahisi zikajaa Newala, za kutupa zikiharibika, na meza ya Baba ikapungukiwa mwaka hadi mwaka. Alihamia kwenye baiskeli, kisha kwenye tochi, baadaye simu zilipokuja akajifunza na simu.

Mimi nikafika kwenye maabara ya nchi ya baridi, nikifanya utafiti juu ya, hebu kisia, kutu. Haswa ni unga wa oksidi ya chuma, ile nyekundu iliyo kwenye udongo wa kwetu, ukiwa umesagika kupita kiasi, chembe ndogo hata ukizipanga elfu moja hazifiki unene wa unywele. Oksidi ya namna ile ina tabia ambayo ningeweza kumweleza dada yangu bila kitabu. Ndani yake kila atomu ya chuma ni kasumaku kadogo, lakini zimelala mzungu wa nne. Huyu kichwa huku, jirani yake kichwa kule, safu baada ya safu. Kila mmoja anamfuta mwenzake, na ukileta sumaku kutoka nje unakuta kimya. Sumaku zimo tele ndani, ila hakuna inayosikika.

Unga wangu haukukaa kimya. Mashine ilionyesha kwamba unavutwa, si kwa nguvu, lakini kupita ilivyopasa. Profesa wangu, mama mmoja mpole, alitazama karatasi akaniuliza kama nilitumia kijiko cha chuma kuuchota.

Nilihisi joto la Masasi likinipanda shingoni. Nilimjibu vibaya, baadaye nikamwomba radhi. Nikarudia kazi yote upya. Kijiko cha plastiki, kinu cha jiwe la akiki, glavu mpya, vyombo vimeoshwa kwa tindikali. Nikanawa mikono mara ngapi sijui. Katikati ya kunawa, sabuni bado vidoleni, nikasimama. Mtu ananawa hivi akiwa anakejeli? Mimi sikuwa nikimkejeli mtu. Nilikuwa nikiogopa kwamba mikono yangu imeharibu kazi.

Unga ule safi ukafanya vilevile. Haukuwa uchafu, ni udogo wenyewe. Chembe ikiwa ndogo kiasi kile, sehemu kubwa yake ni ukingo, na wa ukingoni hana mwenzake wa kupishana naye. Ni yule binamu wa tatu kitandani, anarusha mateke. Mateke ya wale wasio na wenzao ndiyo mashine iliyokuwa ikiyasikia. Profesa alifurahi. Mimi nilikuwa nikiwaza bati.

Ningependa kusema kwamba kopo la Baba lilikuwa na chembe kama zangu na hadithi ikaishia hapo, ingekuwa nzuri. Haiwezekani. Mateke ya chembe zangu ni madogo, yanahitaji mashine. Kutu ya Baba iliruka mbele ya macho ya watu. Yalibaki mambo mawili. Ama moto wa korosho, na yale mafuta na moshi wake, uliipokonya kutu hewa yake ukaigeuza oksidi nyingine, ile nyeusi ambayo sumaku inaipenda. Ama Baba alidanganya. Ningeweza kuagiza kipande cha bati kwa posta nikapime peke yangu. Sikuagiza. Niliogopa kumjua Baba nikiwa mbali naye.

Nilikwenda likizo na sumaku ile ile. Nilimkuta uani akitengeneza mnyororo wa baiskeli, mikono imeiva grisi. Nikampa shikamoo iliyokamilika, akaitikia marahaba, akacheka kwa pua. Nilikuwa nimemletea akione kitabu cha utafiti wangu, kimejalidiwa, jina lake la ukoo limeandikwa kwa dhahabu mgongoni. Nikamnyooshea. Akainuka kwenda kwenye pipa la maji.

Nikamwambia, "Baba, usinawe kwanza. Nisaidie kazi."

Nilimwomba anikwangulie kutu kutoka bati la paa la choo, ambalo halijawahi kuona moto, kwa kipande cha chupa, kwa mikono ile ile. Alisita, akafanya. Alikwangua polepole, akinitazama baada ya kila mkwaruzo. Nikashusha sumaku juu ya unga. Vumbi kidogo liligusa likadondoka, basi. Kwa hiyo mikono haikumwaga chuma. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, nikaenda kuwasha moto kwa ajili ya nusu iliyobaki.

Nikatia unga ule ule kwenye kopo pamoja na maganda ya korosho, nikafunika, nikaweka motoni. Moshi ukapanda, tukakohoa wote wawili, Mama akatoka jikoni kuuliza nani anakaanga korosho wakati si msimu wake. Tukangoja kopo lipoe. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, viganja vimefumbwa magotini. Nilipofungua, unga ulikuwa umekuwa mweusi. Nilishusha sumaku nikiwa nimefumba macho, kwa hiyo sikuona ulivyoruka. Nilisikia Mama akisema Mungu mkubwa.

Nikamweleza Baba. Moto wa korosho, mafuta, hewa iliyopokonywa. Nikamwambia kwamba Mwalimu alikosea, na mimi nilikosea zaidi, kwa sababu Mwalimu hakuwa mwanawe. Nikamwomba anisamehe. Nililia bila kujificha, na nilikuwa na umri wa kutosha kuona haya.

Alifungua viganja vyake, akaviangalia kama alivyoviangalia siku ile sokoni.

"Nilikwangua kwa chupa, hilo nilikuwa na uhakika nalo," alisema. "Ila mikono hii inashinda na tupa, mwanangu. Nikasema labda ilimwagika humo bila mimi kujua. Nikasema labda ni mimi niliyemharibia mtoto."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba hajui.

"Ulikuwa na hakika wewe," alisema. "Mimi sikuwa nayo."

Miaka yote ile. Kila kikombe cha maji yaliyopandishwa kichwani kutoka bondeni. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Nadhani alikuwa akikumbuka alivyogomba.

Nilichukua kitabu kutoka kwenye mkeka nikamnyooshea tena. Aliangalia pipa la maji. Halafu akakipokea hivyo hivyo, kwa mikono miwili, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaulaza kwa dole gumba ili upepo usiufunge. Kitabu hicho kiko kwangu. Profesa aliwahi kukiona akaniuliza nani amechafua ukurasa ule, nikamwambia ni mhuri.